Nani Aliiua Injini ya Baba Mkubwa?

Ndugu msomaji, kama umewahi kumiliki motokaa kuukuu, au kama una jamaa anayemiliki, bila shaka unaijua hukumu ile ya maneno mawili ambayo fundi huitoa huku akijifuta mikono kwa tambara: "Injini imekufa." Hukumu hiyo haina rufani. Mwenye gari huinamisha kichwa, huuliza bei ya injini nyingine, kisha hurudi nyumbani kufikiri ni kitu gani kitauzwa. Ni wachache mno wanaouliza lile swali ambalo kila mtu huuliza anapokufa binadamu, yaani amekufa kwa nini.

Nataka kukusimulia habari ya injini moja iliyohukumiwa hivyo katika ukoo wetu, mwaka 2023. Mimi si fundi. Mimi ni mwandishi tu, na elimu yangu ya spana ni ile ya mtu aliyeshika taa wenzake wakifanya kazi. Lakini fedha zilizotakiwa kununulia injini nyingine zilikuwa ni ada ya mtoto wa kike aliyepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na jambo lenyewe lilikaribia kumtenga baba na mwanawe. Kwa hiyo nililifuata kama nifuatavyo habari ya gazeti, tangu mwanzo hadi mwisho.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, mali ya baba yangu mkubwa. Vijana wakiliona barabarani husimama na kutazama, kwa maana ni gari refu mbele na fupi nyuma, lenye milango miwili na viti viwili tu, mithili ya paka anayenyemelea. Liliingia sokoni mwishoni mwa mwaka 1969, likiwa na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, zenye ujazo wa sentimita 2,393. Hapa kwetu Afrika Mashariki sifa yake haikutokana na sura, bali na mashindano ya Safari, yale yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo zamani yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller walishinda kwa gari la namna hiyo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda nalo tena akiwa na Lofty Drews. Mwaka huo Mehta na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun ya aina nyingine, walimaliza wakiwa sawasawa kwa pointi za adhabu, na ikabidi kanuni itumike ili mshindi apatikane. Wazee waliosimama kando ya barabara wakati huo wakipigwa na vumbi bado wanayasimulia hayo kana kwamba ni ya juzi.

Baba mkubwa alikuwa dereva wa malori. Gari hilo alilinunua mwaka 1986 kwa mtu aliyelitayarisha kwa ajili ya mashindano lakini hakushindana. Mtu huyo alikwisha kuzipanua silinda kidogo na kuweka kemshafti inayozifungua vali kwa muda mrefu zaidi. Baba mkubwa hakubadilisha kitu. Kwa muda wa zaidi ya miaka 30 aliliendesha siku za Jumapili, akabadili oili kwa wakati wake, wala hakumpa mtu mwingine ufunguo.

Aliyebadilisha ni mwanawe, ambaye kwa desturi yetu ni mdogo wangu. Kijana huyu anapenda magari ya zamani kuliko chakula. Mwanzoni mwa mwaka 2023 aliagiza kutoka Japani kabureta tatu, kila moja yenye midomo miwili, pamoja na manifoldi yake, akaondoa zile mbili za asili. Kadhalika aliipeleka silinda hedi kwa mchongaji, ikapunguzwa uso kwa zaidi ya milimita moja ili mgandamizo uongezeke. Nguvu iliongezeka kweli. Nilipanda mara moja kutoka Mwenge hadi Tegeta, na nilipoteremka nilihitaji kukaa kidogo.

Miezi miwili baadaye baba mkubwa na mwanawe walikuwa wakienda harusini Morogoro. Walipopita Chalinze, kila walipokanyaga mafuta ili kulipita lori, injini ilitoa sauti kama ya mtu anayetikisa kokoto ndani ya mkebe. Wakiachia mafuta, sauti ilikoma. Mshale wa joto ukapanda. Mara gari likaanza kutetemeka, nguvu ikapungua hata baiskeli ingeweza kulipita, nao wakasimama kando. Lilirudi Dar es Salaam juu ya lori.

Gereji ya kwanza waliyolipeleka, ambayo sitaitaja, ililiwasha kwa muda usiozidi dakika mbili. Fundi akasikiliza, akatikisa kichwa, akatamka yale maneno mawili. Kwa maelezo yake, metali za krankishafti zilikwisha, na dawa ilikuwa ni injini nyingine iliyokwisha tumika, shilingi milioni saba pamoja na kazi ya kuifunga. Hakufungua hata plagi moja.

Jioni hiyo ukoo ulikutana sebuleni. Baba mkubwa hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. Alisema tu kwamba gari liliishi salama mikononi mwake tangu 1986, likafa mikononi mwa mwanawe kwa miezi miwili. Mdogo wangu alitazama sakafu. Mmoja akashauri gari liuzwe kama chuma chakavu. Mwingine akasema milioni saba zipo, ada italipwa baadaye, mtoto asubiri mwaka mmoja. Mtoto mwenyewe alikuwa jikoni akisikia kila neno.

Ndipo aliponena mama mkubwa, ambaye ni muuguzi mstaafu. "Mzee wangu," alisema, "hata maiti huandikiwa sababu ya kifo. Hiyo injini yenu imeandikiwa nini? Mkinunua nyingine mkaiweka pale pale ilipofia ya kwanza, na kilichoiua kingali kimekaa pale, mtakuja kuniomba ada ya nani tena?"

Hapana aliyekuwa na jibu. Keshoye gari likavutwa hadi Gerezani, kwa fundi mmoja mzee ambaye aliniomba nisimtaje jina, akisema wateja alionao wanamtosha.

Msomaji, nilipokuwa nikisomea uandishi wa habari tulifundishwa kuuliza nani, nini, lini, wapi na kwa nini. Ukweli ni kwamba hilo la mwisho ndilo tunaloliacha mara nyingi, kwa sababu ya uhaba wa nafasi au uvivu. Mzee huyu aliyauliza yote kabla ya kuinua boneti. Sauti ilianza lini? Injini ikiwa baridi au moto? Mlimani au tambarare? Ilikoma mlipoachia mafuta? Kitu gani kilibadilishwa mwisho, na nani alibadilisha? Mdogo wangu alijibu kwa sauti ndogo. Mzee hakumlaumu. Alichukua kalamu akaandika kwenye kipande cha katoni: kabureta, manifoldi, hedi.

Alianza na ile tuhuma ya metali. Alimwaga oili kwa kuipitisha katika kitambaa cheupe, akakitandaza juani. Metali zilizokwisha huacha chembe zinazong'aa, za rangi ya fedha au shaba. Kitambaa kilikuwa na weusi wa kawaida tu. Wala oili haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ambayo ingekuwa dalili ya maji kuingia. Akaweka oili mpya, akaiwasha injini kwa muda mfupi, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye ubavu wa injini na mpini wake sikioni, mfano wa daktari na kipimo chake cha kifua. Kisha, kwa koleo yenye mpira, akawa anachomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine. Kama metali ya silinda fulani imekwisha, alinieleza, mgongo wake hupungua mara ile silinda inyimwapo cheche, kwa kuwa mzigo umeondoka. Hakukuwa na mgongo wa namna hiyo. Alichogundua ni kwamba alipochomoa waya wa silinda ya tano na wa sita, injini haikujali. Silinda hizo mbili hazikuwa zikifanya kazi.

Kabla ya kuizima alielekeza taa ya taimingi kwenye puli ya mbele na kumwambia mdogo wangu aongeze mafuta. Cheche ilikuwa ikiwahi kwa digrii 40. Mzee alitaka 34 kwa injini yenye hedi iliyochongwa namna ile. Akaandika pia hiyo katika katoni yake, bila kusema neno.

Baada ya hapo alitoa plagi zote sita, akazipanga juu ya katoni kwa namba zake. Nilidhani plagi ni plagi. La hasha! Nne za kwanza zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, kama biskuti iliyoiva vizuri, na hiyo ndiyo rangi ya afya. Ya tano na ya sita zilikuwa nyeupe kama chaki, na ukiitazama ya sita kwa kioo cha kukuza uliona vijidoa vidogo vinavyometa juu ya kauri yake.

"Aluminiamu," alisema mzee. "Hiyo ni ngozi ya pistoni, mwanangu."

Weupe maana yake ni kwamba silinda hizo zilikula hewa nyingi na petroli kidogo. Mama mwenye jiko la mkaa ataelewa upesi: ukilipepea mno, moto huwa mkali na mweupe, sufuria huungua. Na hapa ndipo alipomwita mdogo wangu aje kutazama. Kabureta zilikuwa tatu kwa silinda sita. Ya mbele hulisha ya kwanza na ya pili, ya katikati ya tatu na ya nne, ya nyuma ya tano na ya sita. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa wa injini nzima. Ulikuwa na anwani.

Kisha akapima mgandamizo. Plagi zote zikiwa nje, betri ikiwa na nguvu na mlango wa mafuta ukiwa wazi kabisa, alifunga saa ya kipimo kwenye tundu la kila silinda na kuizungusha injini kwa stata mara sita. Mimi ndiye niliyeandika. Silinda ya kwanza paundi 182 kwa inchi ya mraba, ya pili 180, ya tatu 184, ya nne 178. Ya tano ikatoa 95, na ya sita 90. Akamimina kijiko cha oili katika hizo mbili, akarudia. Kama ringi zimekwisha, oili huziba pengo kwa muda na saa hupanda. Haikupanda. Basi hazikuwa ringi. Kilichobaki kilikuwa ama vali ama gasketi ya hedi, naye hakutaka kubahatisha. Aliisogeza pistoni ya sita hadi juu, vali zake zote zikiwa zimefungwa, akaingiza upepo wa kompresa katika tundu la plagi. Upepo ukitokea kwenye bomba la moshi, vali ya kutolea moshi imeungua. Ukitokea kwenye kabureta, ni ile ya kuingizia. Ukitokea panapojazwa oili, ni ringi au pistoni. Maji ya rejeta yakitoa mapovu, gasketi imefunguka upande wa maji. Tulikaa kimya wote tukisikiliza. Upepo ukatoka ukivuma katika tundu la silinda ya tano.

Gasketi ilikuwa imekatika katikati ya silinda hizo mbili, zikawa zinapumuliana. Ilikuwa imetimia saa nane mchana. Mzee hakuwa amefungua nati hata moja ya hedi, na tayari alijua atakachokikuta.

Mtu mwingine angefurahi na kuagiza gasketi. Yeye alilirudia swali la mama mkubwa bila kujua kwamba lilikwisha ulizwa: gasketi imekatwa na nini?

Hedi ilipoinuliwa, ukuta mwembamba wa gasketi kati ya silinda ya tano na ya sita ulikuwa umeungua ukawa mweusi. Uso wa pistoni ya sita ulikuwa umedonolewa ukingoni kama embe lililoliwa na ndege. Ile sauti ya kokoto ndiyo iliyofanya hivyo. Umekwisha kuijaza baiskeli upepo ukaona jinsi pampu inavyopata moto? Hewa ikigandamizwa hupata joto. Injini yenye mgandamizo mkubwa, ikilishwa mchanganyiko mkavu na kupewa cheche kabla ya wakati wake, hufika mahali ambapo petroli hailiki kwa mpangilio tena bali hulipuka kwa ghafla, na kila mlipuko ni nyundo juu ya pistoni na juu ya gasketi. Tena silinda za nyuma ndizo zilizo mbali na feni na pampu ya maji.

Palibaki fumbo la hewa. Ilitoka wapi? Katika injini hii manifoldi ya kuingizia na ile ya moshi zimekaa upande mmoja, moja juu ya nyingine, na baadhi ya nati hubana zote mbili kwa washa moja nene, mguu mmoja huku na mwingine kule. Mzee alipima unene wa bapa la ile manifoldi mpya, kisha la ile ya moshi. Mpya ilipungua kwa milimita moja. Basi washa ilikuwa ikikaa upande, ikiibana ya moshi kwa nguvu zote na kuigusa tu ile ya kuingizia. Mbele, ambako spana inafika kwa urahisi, mdogo wangu alikuwa amekaza kiasi cha gasketi kuziba. Nyuma, ambako mkono haupiti, njia ya masizi na vumbi ilionekana waziwazi hewa ilikopenya.

Hivyo katoni ikajaa. Hewa ya wizi kwenye manifoldi. Hedi iliyochongwa. Cheche iliyoachwa pale pale ilipokuwa kabla hedi haijachongwa. Mzee alisema kila moja ya hizo peke yake injini ingeivumilia kwa muda. Kabureta zenyewe hazikuwa na hatia yoyote. Zilikuwa kabureta nzuri. Kilichoiangusha injini ni vitu ambavyo havikubadilishwa pale vingine vilipobadilishwa. Binafsi naamini hii ndiyo sababu gari lililoongezwa nguvu linawashinda mafundi wengi: wao hutafuta kilichovunjika, ilhali historia ya nani alitia mkono wapi ndiyo inayosema zaidi.

Baba mkubwa alikuwapo wakati huo, amekaa juu ya tairi. Alimuuliza mzee, "Kwa hiyo ni kosa la kijana?"

"Mzee mwenzangu," akajibu fundi, "milimita moja ile hata wewe usingeiona. Kijana alipaswa kuambiwa na aliyemuuzia. Lakini ile sauti ya kokoto mliisikia wote wawili tangu Chalinze, na mguu uliokuwa juu ya mafuta ulikuwa wa nani?"

Baba mkubwa alicheka, mara ya kwanza kwa muda wa wiki mbili, akajigusa goti la kulia.

Matengenezo yalichukua wiki tisa, kwa sababu pistoni ya kipimo kile ilibidi itoke ng'ambo, na mzee alikataa kuifunga hadi aipime uzito na kuilinganisha na zile tano. Hedi ilikuwa imepinda kidogo. Ilisawazishwa, lakini akaweka gasketi nene kuliko ya asili ili kurudisha mgandamizo chini. Hedi ikipunguzwa, kemshafti hukaribia krankishafti, cheni hulegea na vali huchelewa. Kwa hiyo alihamisha gia ya kemshafti kwenye tundu lake jingine ili kulirekebisha hilo. Washa zilitiwa tupa zikawa na ngazi, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Cheche ilirudishwa kwenye digrii 34. Gharama zote zilifika shilingi milioni moja na laki sita, na kati ya hizo laki nne alitoa mdogo wangu kutokana na mshahara wake bila kuombwa. Ada ililipwa siku tatu kabla ya mwisho wa kupokelewa wanafunzi.

Siku ya majaribio mzee aliendesha kilomita 20, akazima injini barabarani bila kuiacha ingurume bure, akatoa plagi zikiwa bado moto. Sita zote zilikuwa na rangi ya biskuti. Akamwambia mdogo wangu arudi baada ya kilomita 500 ili nati za manifoldi zikazwe tena, akampa kile kipande cha katoni. Mdogo wangu amekinakili katika daftari linalokaa chini ya kiti cha dereva, pamoja na tarehe ya kila kitu kilichobadilishwa tangu gari linunuliwe, kwa kadiri baba yake alivyoweza kukumbuka. Kuandika hayo kuliwachukua jioni mbili nzima wakiwa barazani, na mama mkubwa aliwapelekea chai mara tatu.